Grafini na Uungaji wa Mifupa: Je, Seli za Mwili Ziko Salama?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Shukrani zote anastahiki Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake, masahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wake hadi Siku ya Malipo. Ama baad.



Katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud, Tirmidhi na Nasai, tunapata habari za sahaba aitwaye Arfaja bin As'ad (r.a.). Sahaba huyu alikatwa pua katika vita vya Kulab, zama za Jahiliya. Akajitengenezea pua ya fedha, lakini pua ile ikatoa harufu mbaya. Mtume (s.a.w.) akamwamrisha aiache na badala yake atumie pua ya dhahabu.

Wanavyuoni wametoa hukumu nyingi katika hadithi hii. Kwa somo letu la leo tutazame mambo matatu. Kwanza, kutengeneza kiungo kilichoharibika ni jambo lililoruhusiwa, hata kwa dhahabu ambayo kwa kawaida mwanamume wa Kiislamu haivai. Pili, kitu kinachowekwa mwilini hakipimwi kwa sifa zake sokoni, bali kwa namna mwili unavyokipokea. Fedha ni madini ya thamani, lakini mahali pale haikufaa. Tatu, madhara yakidhihiri, kitu hicho huachwa na hutafutwa kilicho bora zaidi.

Mambo hayo matatu ndiyo yatakayotuongoza katika kuielewa maada mpya ambayo wanasayansi wanaichunguza kwa ajili ya kuunga mifupa. Maada hiyo inaitwa grafini.

1. MFUPA NI KIUNGO HAI

Wengi wetu tunaudhania mfupa kuwa ni kitu kikavu kama jiwe. Sivyo. Mfupa una damu, una mishipa ya fahamu na una seli zinazofanya kazi usiku na mchana. Mtu mzima ana mifupa 206, na kila mwaka takriban sehemu moja ya kumi ya mifupa yake hubomolewa na kujengwa upya bila ya yeye mwenyewe kuhisi.

Mfano mzuri wa mfupa ni nguzo ya nyumba. Fundi hutumia nondo na zege. Zege peke yake ni gumu lakini hupasuka likivutwa au likipindwa. Nondo peke yake hupinda. Vikiungana, nguzo hubeba ghorofa. Katika mfupa, nondo ni nyuzi za protini iitwayo kolajeni, na zege ni madini ya kalsiamu na fosfeti yaitwayo haidroksiapataiti.

Unaweza kulithibitisha hili nyumbani. Chukua mfupa wa paja la kuku uliokwisha kusafishwa, uloweke katika siki kwa siku kadhaa, ukibadilisha siki kila siku. Siki itayayusha madini, na utabakiwa na mfupa unaopindika kama mpira. Hiyo ni kolajeni iliyobaki bila ya zege lake.

Mafundi wa jengo hili ni seli. Zipo seli zinazojenga, ziitwazo osteoblasti, na zipo zinazobomoa, ziitwazo osteoklasti. Pia ndani ya uboho zimo seli shina, ambazo ni kama wanagenzi: hazijachagua kazi, lakini zikipata ishara inayofaa zinaweza kuwa seli za mfupa, za gegedu au za mafuta. Kumbuka hizi seli shina, maana tutazirudia.

Qur'an imetutaka mara nyingi tuizingatie mifupa. Katika Suratul Muuminuun (23:14) tunaelezwa hatua za kuumbwa kwa mwanadamu, na namna mifupa inavyovikwa nyama. Katika Suratul Baqarah (2:259) tunasimuliwa kisa cha mtu aliyefishwa miaka mia kisha akafufuliwa, akaoneshwa mifupa inavyoinuliwa na kuvikwa nyama. Mwenye kuumba ni Allah (s.w.) peke yake. Kazi ya tabibu ni kutengeneza mazingira ili seli alizoziumba Allah zifanye kazi yake.

2. MFUPA UNAPOSHINDWA KUJIUNGA

Mfupa ukivunjika, damu huganda mahali pale. Baadaye hujengeka daraja laini la gegedu, kisha daraja hilo hujazwa madini na kuwa gumu, na mwisho seli hulichonga taratibu mpaka mfupa urudie umbo lake. Ndiyo maana anayevunjika mkono hufungwa plasta na kuambiwa asiutikise: daraja lisikatike kabla halijakomaa.

Lakini kuna wakati pengo huwa kubwa mno. Mtu amepata ajali mbaya ya barabarani na kipande cha mfupa kimesagika. Mwingine ameondolewa uvimbe wa saratani pamoja na sehemu ya mfupa. Mwingine mfupa wake umeoza kwa maambukizi. Hapo seli hazina mahali pa kushika ili zijenge daraja.

Njia inayotegemewa sana ni kuchukua kipande cha mfupa wa mgonjwa mwenyewe, mara nyingi kutoka nyongani, na kukipandikiza penye pengo. Kisharia jambo hili limezungumzwa. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa, katika kikao chake cha mwaka 1988 mjini Jeddah, lilipitisha kuwa inajuzu kuhamisha sehemu ya mwili kutoka mahali pamoja kwenda pengine katika mwili wa mtu huyo huyo, kwa sharti kuwa manufaa yanayotarajiwa ni makubwa kuliko madhara. Hata hivyo njia hii ina mipaka: mgonjwa anapata majeraha mawili badala ya moja, na mfupa wa kuchukua si mwingi.

Njia nyingine ni chuma cha titani. Titani hupokewa vizuri na mwili, lakini ni gumu kuliko mfupa. Likibeba uzito wote, mfupa wa jirani hukosa kazi na hudhoofika, kwani mfupa ni kama misuli: usipotumika hupungua.

Kwa sababu hizi watafiti wanatafuta kiunzi: kitu chenye matundu matundu kinachowekwa penye pengo, seli zikapanda juu yake kama mafundi wanavyopanda jukwaa la ujenzi, zikajenga mfupa wa kweli, na hatimaye kiunzi kikayeyuka chenyewe. Vipo viunzi vya madini, lakini huvunjika kirahisi. Vipo vya plastiki inayoyeyuka mwilini, lakini ni laini. Hapa ndipo grafini inapoingia.

3. GRAFINI NI NINI?

Chukua penseli uandike. Kile kitu cheusi kinachobaki kwenye karatasi ni grafiti, ambayo ni kaboni. Grafiti imepangwa kwa tabaka nyembamba mno zilizolaliana. Tabaka moja tu, lenye unene wa atomu moja ya kaboni, ndilo linaloitwa grafini. Atomu zake zimejipanga kwa umbo la pembe sita, mfano wa sega la nyuki. Kama ungekuwa na grafiti yenye unene wa milimita moja, ndani yake mngekuwa na tabaka za namna hiyo karibu milioni tatu.

Mwaka 2004 Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, walichapisha habari za namna walivyoitenga grafini. Walitumia selotepu ya kawaida: waliibandika kwenye grafiti, wakaibandua, wakairudia mara nyingi mpaka wakapata tabaka moja. Mwaka 2010 walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia.

Sifa zake ni za ajabu. Vipimo vilivyofanywa mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, vilionesha kuwa nguvu yake dhidi ya kukatika inazidi ile ya chuma cha kawaida kwa zaidi ya mara mia. Hupitisha umeme vizuri sana. Na gramu moja ya grafini, ikitandazwa pande zote mbili, inafikia takriban mita za mraba 2,630, eneo linalozidi theluthi moja ya uwanja wa mpira.

Katika tiba, mara nyingi haitumiwi grafini tupu bali ndugu yake, oksidi ya grafini, ambayo imeunganishwa na oksijeni ili ichanganyike na maji. Kuna pia ile iliyopunguzwa oksijeni hiyo baadaye. Zingatia sana jambo hili: jina ni moja, lakini vitu ni vingi.

4. INASAIDIAJE MFUPA?

Kwanza, huimarisha kiunzi. Kiasi kidogo kikichanganywa na madini au plastiki laini, kiunzi huwa imara zaidi, kama nondo ndani ya zege.

Pili, huvuta ishara. Mwaka 2011 watafiti wa Singapore walitandaza grafini juu ya plastiki na kioo, kisha wakaotesha juu yake seli shina za binadamu pamoja na dawa za kuzielekeza. Seli zile ziligeuka kuwa seli za mfupa haraka, kwa kasi inayokaribiana na ile ipatikanayo kwa kutumia protini maalumu ya kukuzia mfupa. Watafiti wa huko huko, katika kazi nyingine ya mwaka huo huo, walieleza sababu mojawapo: uso wa grafini hunasa molekuli za dawa hizo na kuzikusanya pale pale seli zilipo. Yule mwanagenzi tuliyemtaja hapo juu anapata maelekezo karibu na sikio lake.

Tatu, umeme. Mwaka 1957 wanasayansi wa Japani, Fukada na Yasuda, walionesha kuwa mfupa ukikandamizwa huzalisha umeme mdogo. Kwa hiyo watafiti wanachunguza kama kiunzi kinachopitisha umeme kinaweza kuzisaidia seli kujenga.

Nne, bakteria. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Tehran, Iran, walionesha kuwa kingo kali za grafini iliyosimama wima zinaweza kuharibu ngozi ya bakteria. Kwa mfupa uliovunjika na kutoboa nje, kuzuia maambukizi ni jambo kubwa.

Lakini ndugu mwanafunzi, hapa ndipo tunapotakiwa kusimama na kuuliza. Ikiwa kingo hizo zinaweza kuipasua seli ya bakteria, je, seli ya mtoto wa Adamu itasalimika?

5. JE, SELI ZIKO SALAMA?

Jibu si ndiyo wala siyo. Jibu ni kwamba inategemea mambo manne.

(a) Kiasi. Mwaka 2011 watafiti wa China walichapisha matokeo ya kuweka oksidi ya grafini pamoja na seli za ngozi za binadamu. Kiasi kilichokuwa chini ya mikrogramu 20 kwa kila mililita hakikuzidhuru. Kilipozidi mikrogramu 50, seli zilianza kufa. Mikrogramu moja ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Walipowachoma panya sindano ya kitu hicho, waliopata miligramu 0.1 na 0.25 hawakuonesha madhara ya wazi, lakini katika kundi lililopata miligramu 0.4 baadhi walikufa, na vinundu vikaonekana katika mapafu.

(b) Ukubwa. Mwaka 2012 watafiti wa Iran walilinganisha vipande vidogo sana na vipande vikubwa, wakitumia seli shina za binadamu. Vile vidogo, vya wastani wa nanomita 11, vilianza kudhuru kwa mikrogramu 1 tu kwa mililita. Vile vikubwa, vya mikromita 3.8, havikudhuru mpaka vilipofika mikrogramu 100. Kipande kidogo huingia ndani ya seli na kufika penye kiini chenye maandishi ya urithi.

(c) Usafi na vazi. Oksidi ya grafini hutengenezwa kwa tindikali na kemikali kali. Zisipooshwa vizuri, mabaki yake yanaweza kudhuru seli, na grafini ikabeba lawama isiyo yake. Kwa upande mwingine, watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walionesha mwaka 2011 kuwa oksidi ya grafini inayopasua chembe nyekundu za damu, ikivikwa kitosani, kitu kinachopatikana kwa kusindika maganda ya kamba na kaa, madhara hayo karibu yanatoweka.

(d) Mahali na muda. Kipande kilichoshikwa imara ndani ya kiunzi si sawa na kipande kinachoelea katika damu. Ama swali zito zaidi ni hili: kiunzi kikiyeyuka, grafini iliyobaki itakwenda wapi? Katika maabara imeonekana kuwa enzaimu ya chembe nyeupe za damu inaweza kuivunjavunja oksidi ya grafini, hasa ikiwa imetawanyika vizuri katika maji. Hiyo ni habari njema, lakini mfupa hukaa na mtu miaka hamsini au sitini, na majaribio ya wiki chache hayawezi kujibu swali la miaka hamsini.

6. USHAHIDI WA SHAHIDI MMOJA HAUTOSHI

Watafiti wale wa Minnesota waligundua jambo jingine lenye mafunzo. Kipo kipimo maarufu cha kujua kama seli ziko hai: hutiwa rangi ya njano, na seli zilizo hai huibadilisha kuwa zambarau. Zambarau ikiwa nyingi, husemwa kuwa seli nyingi ni nzima. Kumbe grafini yenyewe huweza kuibadilisha rangi hiyo bila ya seli yoyote! Mtafiti akaona zambarau akafurahi, na kumbe seli zimekufa.

Sisi katika fiqhi tumezoea kuwa kuna mambo ambayo shahidi mmoja hatoshi. Na katika elimu ya hadithi, maulamaa hawakuridhika na kusikia habari tu, bali walimchunguza kila mpokezi mmoja baada ya mwingine. Sayansi ya kweli hufuata njia inayofanana na hiyo: hutumia vipimo zaidi ya kimoja, katika maabara zaidi ya moja, na hukichunguza hata kipimo chenyewe kabla ya kukiamini.

Kwa hiyo mlolongo wa kupima kitu cha kuweka mwilini ni mrefu. Huanza na seli katika vyombo vya maabara, huenda kwa wanyama kama panya na sungura, kisha kwa watu wachache waliokubali kwa hiari yao, na mwisho kwa wagonjwa wengi. Grafini ya mifupa kwa sehemu kubwa ingali katika hatua mbili za mwanzo. Haijawa tiba ya kawaida ya hospitali.

Kwa wanadamu, hatua za mwanzo zimeanza katika mambo mengine. Mwaka 2024 watafiti wa Edinburgh na Manchester walichapisha jaribio ambamo watu 14 waliojitolea walivuta kwa saa mbili hewa yenye oksidi ya grafini iliyosafishwa sana, huku wakiendesha baiskeli ya mazoezi. Hayakuonekana madhara ya papo hapo katika utendaji wa mapafu wala shinikizo la damu. Watafiti wenyewe walisema kuwa kunahitajika uchunguzi zaidi wa viwango vikubwa na muda mrefu.

7. TUJIHADHARI NA PANDE MBILI

Elimu ya namna hii hupotoshwa na watu wa aina mbili.

Wa kwanza ni wenye kuuza. Kwao kila kilichoandikwa jina la grafini ni muujiza. Tuchukue mfano wa Kanada. Mwezi wa Aprili 2021 mamlaka ya afya ya nchi hiyo iliwataka wananchi wasitumie barakoa zenye grafini, kwa hofu kuwa chembe zake huenda zikavutwa mapafuni. Uchunguzi ukafanyika, na Julai 2021 ikaruhusu aina zilizokaguliwa na kuonekana kuwa hazitoi chembe kwa kiasi cha kudhuru. Angalia utaratibu: kusimamisha, kuchunguza, kisha kutoa hukumu kwa kila aina peke yake.

Wa pili ni wenye kutisha. Mwaka huo huo wa 2021 ulienea uvumi duniani kuwa chanjo za korona zimetiwa oksidi ya grafini. Orodha za viambato zilizochapishwa hazikuwa na kitu hicho, na waliochunguza madai hayo hawakuyakuta kuwa kweli. Lakini ujumbe ulizunguka katika simu, hata katika familia zetu, na wapo walioacha kinga kwa sababu yake. Suratul Hujuraat (49:6) imetufundisha kuihakikisha habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Mwenye kusambaza ujumbe wa afya asioujua hana udhuru wa kusema kwamba yeye ameutuma tu kama alivyoupokea.

8. MAZINGATIO

Ipo kanuni ya sharia inayojulikana na kila mwanafunzi wa fiqhi: hakuna kudhuru wala kudhuriana. Na ipo nyingine inayofuata: kuondosha madhara hutangulia kuleta manufaa. Anayepima grafini kwa subira kabla ya kuiweka katika mguu wa mgonjwa anaifanyia kazi kanuni hiyo, awe anaijua au haijui.

Wahenga wetu Waislamu hawakuwa nyuma katika elimu hii. Abul-Qasim az-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki karibu na mwaka 1013, aliandika kitabu kikubwa cha tiba chenye sehemu thelathini. Katika sehemu ya mwisho, inayohusu upasuaji, alieleza kwa urefu namna ya kuunga mifupa iliyovunjika na viungo vilivyoteguka. Swali ni: nani kati yenu ataishika kazi hiyo leo? Mwanafunzi wa madrasa anayefanya vizuri katika kemia na baiolojia shuleni asidhani kuwa ameiacha dini yake mlangoni. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kila ugonjwa umeteremshwa pamoja na dawa yake, na dawa haijitokezi bila ya watu wa kuitafuta kwa elimu na uaminifu.

Nanyi wazazi, ikiwa siku moja daktari atapendekeza kuweka kitu chochote katika mwili wa mtoto wako, usiogope kuuliza kwa adabu: Kitu hiki kimetengenezwa kwa nini? Kimepimwa kwa watu au kwa wanyama tu? Kitakaa mwilini muda gani? Kuna njia nyingine? Daktari mwema hatachukia maswali hayo. Hata Arfaja (r.a.) alibadilishiwa pua baada ya tatizo kujulikana.

Tumuombe Allah (s.w.) awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja mafunzo matatu yanayopatikana katika kisa cha Arfaja bin As'ad (r.a.).
2. Kwa kutumia mfano wa nondo na zege, eleza umbile la mfupa.
3. Kwa nini haitoshi kusema tu kuwa grafini ni salama au si salama? Taja mambo manne.
4. Kipimo cha rangi kiliwezaje kumdanganya mtafiti?
5. Umepokea ujumbe wa simu unaosema dawa fulani ina sumu. Eleza hatua utakazochukua kabla ya kuutuma kwa mwingine.

Wabillahi tawfiiq.